Jina Nililolitaja Kwenye Phonie

Vijana wangu mliovua sare, mliponiuliza swali lile Jumamosi katika ukumbi wa parokia, niliruka kitini mpaka miwani ikaanguka, nanyi mkacheka. Hamkukosea. Mzee mwenye mvi kama zangu hapaswi kuruka mbele ya watu. Lakini yule binti aliyekaa karibu na dirisha, ambaye amevua sare na bado anakaa kama yuko kwenye gwaride, alisema hivi: "Papa, sisi ba deuxième bureau tunajua tu kusikiliza batu na kuandika rapport. Mu civil, hiyo itatumika na nani?" Nilikuwa na jibu lote mdomoni, na padri alikuwa ameshaanza kutazama saa yake. Basi nimeamua kuliandika. Mkono wangu una subira kuliko mdomo wangu.

Kwa wale ambao hawakuwapo: deuxième bureau ni ofisi ya habari za kijeshi. Nilifanya kazi huko miaka kumi na minne, nikatoka na cheo cha adjudant. Msiwaze mambo ya sinema. Sikuvaa miwani myeusi wala sikuruka ukuta hata mmoja. Nilikaa na watu, nikasikiliza, nikaandika, nikatembea kwa miguu mpaka kucha za vidole vikubwa zikang'oka. Kisha nikaingia kazi nyingine, ya kufuatilia magonjwa katika zone de santé moja, yaani eneo la afya, ya upande wetu, na huko nimefanya miaka zaidi ya ile ya jeshini. Nimestaafu mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyonitoa machozi.

Aliyenifundisha kazi ya kwanza alikuwa Kapiteni wetu, mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, ambaye alifundisha huku akimenya machungwa. Hakutoa darasa ubaoni hata siku moja. Alikupeleka kijijini, akakuacha useme upuuzi wako, halafu njiani akakusahihisha. Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba usiulize kile unachokitaka. Uliza cha pembeni. La pili alinipa siku niliporudi na habari nzuri sana kutoka kwa mzee mmoja aliyesema ana ng'ombe kumi na askari wamempora wote.

"Uliona zizi?" Kapiteni akaniuliza.

"Ndiyo, mon capitaine."

"Mavi ilikuwa ya ngombe ngapi?"

Sikuwa nimetazama. Akanirudisha, kilomita nane kupanda, nikatazame mavi. Yalikuwa ya mbuzi wawili. Tangu siku ile sijapata kuamini neno la mtu kabla ya kuona kitu kinachoandamana nalo, na mke wangu atawaambia kwamba hiyo si sifa nzuri ndani ya nyumba.

Somo la tatu ndilo lililoniingia mpaka kwenye mifupa, na ndilo nililotaka kuwasimulia. Kila mtu aliyetupa habari alipewa jina la uongo na namba. Jina lake la kweli uliliweka kichwani, na kama ulikuwa umeliandika popote, ulichoma karatasi na kusaga majivu kwa kiatu. Kwenye redio ndiyo kabisa: jina la mtu halitajwi hewani, hata kama nyumba inaungua. Kapiteni aliweka chungwa chini aliposema hilo, na hakuwa na desturi ya kuweka chungwa chini. "Jina ya mutu ikianguka mu mukono mubaya, Murhula, njo weye ulimuua," akaniambia. Alikuwa anasema kweli. Nilijua watu waliobaki hai kwa sababu sisi tulijua kunyamaza, na najivunia mpaka leo.

Sasa njooni nyumbani kwangu, mtaa wa Kadutu, mnione nilivyovua sare.

Miezi ile ilikuwa vichekesho, ingawa mke wangu, Maman Aline, hakucheka. Nilikaa nikitazama mlango. Kanisani nilikaa benchi la mwisho na baada ya misa nilijua nani ametoka kabla ya baraka. Jirani akinunua nyama, mimi nilijua kabla ya sufuria yake. Siku moja Maman Aline alisimama mbele yangu na mwiko mkononi.

"Deo, weye hapana mugonjwa, hapana mulevi, lakini uko unanichokesha. Jirani akikohoa, unaniambia amekohoa mara ngapi. Enda utafute kazi, batu bakulipe juu ya hii ugonjwa yako!"

Nikaketi kuandika CV. Jina, tarehe ya kuzaliwa, masomo, yote hayo yalikwenda vizuri. Nilipofika kwenye uzoefu wa kazi nikakwama siku mbili, halafu nikaandika: "Miaka kumi na minne, kazi mbalimbali." Nikaipeleka kwa bwana mmoja aliyekuwa anatafuta masantineli wa kulinda maghala.

"Kazi mbalimbali gani, Papa?"

"Siwezi kusema."

"Ulifanyia wapi?"

"Siwezi kusema."

"Nani anaweza kutuambia kama weye ni mutu muzuri?"

"Yuko. Lakini siwezi kusema jina yake."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini ni jambo tulilofundishwa, kwa hiyo nikasoma bila shida: "Labda hana akili timamu." Nikamshukuru, nikatoka. Vijana, msicheke sana, maana nimeziona CV zenu.

Aliyeniokoa ni Maman Odile. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa Nyantende, mwenye mwili na kicheko vya ukubwa mmoja, na ndiye aliyesimamia ufuatiliaji wa magonjwa pale zone de santé. Alitaka watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za maji ya kunywa. Tulikuwa wanane tuliopewa fomu kwa majaribio ya siku tatu. Wenzangu walirudi na fomu safi, na kila familia ilikuwa inachemsha maji, sifa kwa Mungu. Mimi nilirudi na fomu hizo hizo, lakini nyuma yake nilikuwa nimeongeza ukurasa.

Nilifanya hivi. Watu wa nyumba kumi na moja waliniambia wanachemsha. Nikasema vizuri sana, nikaandika ndiyo. Kisha, nikiwa naaga, nikaomba moto wa kuwashia sigara. Mimi sivuti sigara. Katika nyumba tisa kati ya hizo hapakuwa na moto, wala makaa, wala kuni, na majivu yalikuwa ya tangu jana. Nikaandika pale nyuma kama tulivyozoea jeshini, herufi kwa mtu na namba kwa habari: mtu ni B, maana yake kwa kawaida hasemi uongo, habari ni 5, maana yake haielekei kuwa kweli. Watu wazuri, waliona haya tu.

Maman Odile alisoma ukurasa ule, akaanza kucheka mpaka akakaa.

"Papa, hii ulijifunza wapi?"

"Siwezi kusema, Maman."

Akapangusa macho. "Basi usiseme. Kuja lundi."

Lundi ni Jumatatu, na mimi nilikuwa na kazi! Nilishuka mteremko kwenda nyumbani nikipiga mluzi! Mnaona? Ile ile kazi, ila hapa ukipata habari hakuna anayekamatwa. Mtu anapona. Ndilo jibu lako la kwanza, binti wa dirishani: andika kwenye CV yako kwamba unajua kuhakikisha unachoambiwa. Ofisi zinajaa watu wanaojaza fomu, na mwenye kuomba moto ni mmoja tu.

Lakini nisiwafanye mwamini kwamba nilivua sare na tabia zake kwa siku moja. Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya mwaka ule wa kwanza, na ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingeweza kulifanya, kwa sababu lilihitaji mafunzo mazuri.

Kwenye kilima kimoja upande wa Mumosho watu walianza kuhara na kutapika. Maman Odile alinituma nipate orodha: nani anaumwa, tangu lini, anakunywa nini. Nilipanda Jumanne. Nikajitambulisha kwa jina la Papa Janvier. Kwa nini Janvier? Hata sijui! Ulimi ulilitoa wenyewe. Kwa siku mbili nilikaa na watu, nikaulizia mvua, nikaulizia mihogo, nikaingia polepole mpaka kwenye matumbo yao. Nikapata wagonjwa saba, karibu wote wanawake. Mbaya kuliko wote alikuwa mama mmoja kijana aliyeishi peke yake na mtoto wake mdogo. Alikuwa bado anaweza kukaa lakini hakuweza kusimama. Nilimwachia pakiti mbili za chumvi ya kuchanganya na maji, nikamwambia msaada unakuja.

Kisha nikaandika ripoti. Ilikuwa ripoti safi, ya kumfurahisha Kapiteni. Wagonjwa niliwaita Korongo 1 mpaka Korongo 7, kila mmoja na umri na hali yake, na yule mama kijana alikuwa Korongo 4. Nyumba sikuzitaja. Karatasi yangu ndogo yenye majina niliichoma nyuma ya chapelle, kanisa dogo la kijiji, nikasaga majivu kwa kiatu, watu wakinitazama kutoka kwenye vibanda vyao. Alhamisi asubuhi nilifika ofisini. Maman Odile alikuwa kwenye mkutano, nikaweka bahasha yangu mezani kwake, nikapanda gari la kwenda Sange kwa kazi nyingine. Njia nzima nilijisifu moyoni. Saba, wote wamefichwa vizuri.

Sange iko chini kwenye uwanda, joto linakupokea kabla ya watu. Kituo cha afya kilikuwa na phonie, ile redio ya sanduku ambayo vituo vyote, vya milimani na vya uwandani, huongea na kusikilizana. Kila siku saa nne asubuhi wauguzi wote hukaa kuisikiliza, kwa sababu ya kazi, na pia kwa sababu mwenzako akigombana na ofisi ni vizuri kusikia. Ijumaa hiyo, saa nne na dakika chache, nikasikia sauti ya Maman Odile, na haikuwa na kicheko hata kidogo. Kwenye phonie ukimaliza kusema unatamka à vous, yaani zamu yako.

"Papa Murhula, Papa Murhula, uko unanisikia? À vous."

"Ninakusikia, Maman. À vous."

"Korongo ine ni nani? À vous."

Akaeleza haraka. Muuguzi alikuwa amefika kijijini tangu jana na serumu za kutosha, yale maji ya kuingizwa mshipani. Wagonjwa sita walikuwa wamepatikana, kwa kuwa ndugu zao waliwaleta wenyewe. Wa saba hakuna aliyemjua. Kila mlango uliogongwa ulijibu kwamba hapa hakuna mgonjwa. Watu walikuwa wameona mgeni asiyejulikana akiuliza maswali ya mihogo, akiandika, halafu akachoma karatasi, wakaamua kwamba huyo anatafuta mtu wa kufunga. Basi walikuwa wamemficha yule mama. Walimficha kwa sababu yangu, tena vizuri kuliko mimi.

"Maman," nikasema, "jina siwezi kusema ku phonie. Acha nipande mwenyewe. À vous."

"Kutoka Sange mpaka kule ni siku muzima! Papa, ule mutu atakufa na jina yake mu kinywa yako! Sema! À vous!"

Vijana wangu, nimewahi kuwa mahali ambapo risasi zinapita, na sikutetemeka kama siku ile na kile kipaza sauti cha plastiki. Kidole changu kilikataa kubonyeza. Nilimwona Kapiteni ameweka chungwa chini. Nilijua vituo vyote vinasikiliza, kila kilima, sijui akina nani wengine. Na nilimwona yule mama kwenye mkeka, akijaribu kuninyooshea kikombe kwa heshima ya mgeni na mkono ukishindwa. Niliogopa, nasema wazi. Kisha nikabonyeza, na nilipoanza sikuweza kuacha.

"Nabintu! Anaitwa Nabintu Espérance! Nyumba ya tatu nyuma ya chapelle, murango ya bati ya bleu, iko na jiwe mbele yake! Mutoto wake ni Benita, wa miaka mbili! Analala ku mukeka, kichwa upande wa murango! À vous!"

Phonie ikalia shhh, kama inavyolia. Halafu ikaja sauti ya mwanamke nisiyemjua, kutoka kituo kidogo cha kilima kile kile, mtu ambaye hakuwa ameitwa na yeyote.

"Nabintu wa chapelle? Mama Benita? Mi namujua, nilimuchanja mutoto wake mwezi iliyopita. Niko natoka sasa hivi na serumu. Terminé."

Akakata. Dakika arobaini baadaye ile sauti ikarudi hewani ikihema: wamempata, mshipa umekuwa mgumu lakini umepatikana, maji yanaingia. Nikasikia vituo vingine vikipiga makofi, Sange nzima ya wauguzi watatu ikipiga makofi, na mimi nimekaa chini sakafuni nikilia na kucheka kwa pamoja. Kumbe wale wote niliokuwa nawaogopa, waliokuwa wanasikiliza, mmoja wao alikuwa karibu naye kuliko sisi sote!

Siku ile ile nikaomba nafasi kwenye lori la mihogo, na Jumamosi saa tatu nilikuwa kwenye kilima kile. Nabintu alikuwa amelala kwenye kituo kidogo, serumu ikidondoka, macho yamerudi mahali pake. Aliponiona akageuza uso ukutani.

"Papa Janvier."

"Siitwi Janvier," nikasema. "Jina yangu ni Murhula. Déogratias Murhula. Niko na nyumba ku Kadutu, murango ya kijani, na bibi yangu ni Maman Aline. Nilikuwa soda mu jeshi, nilizoea kuficha batu. Nilikuficha mpaka karibu ufe. Nilikosa, Maman. Unisamehe."

Niliona anafikiri. Mwishowe akageuka.

"Na mi niko na kitu nilificha," akasema. "Wale benye banaumwa, bote ni ba kwaya. Dimanche, kisha misa, nilibapatia mutobe. Ku bomba ya source kulikuwa mustari murefu, mi nikatosha maji mu kijito, kule chini ya ba latrines. Nilikunywa nayo, ona! Lakini nikisema, batasema mi ni mulozi, nilitia batu sumu. Unajua vile banafanya mulozi."

Nilijua. Nyote mnajua. Mutobe ni juisi ya ndizi kabla haijageuka kasiksi, yaani pombe, hunywewa na mama na mtoto, na mtu akifa baada ya kuinywa kwako, haki haingojwi. Nikawa nimeshafurahi rohoni, nafsi yangu yote inaruka, maana chanzo kilikuwa kimepatikana, pale, kwa sentensi moja! Lakini hakuwa amemaliza.

"Papa, iko ingine. Bidoni zangu sita za maji ile ya kijito ziko kwa katekista tangu lundi. Kesho ni première communion. Bamaman banakamua mutobe ya batoto leo."

Komunyo ya kwanza ya watoto! Nilikimbia. Mtu wa miaka hamsini kasoro, na suruali yangu nzuri ya pekee, nilishuka kilima kile na njiani nikifikiri haraka kuliko miguu. Sasa hapa jina lile lile lilikuwa limegeuka jina lingine, na Kapiteni alikuwa na haki juu ya jina hili. Jina la mgonjwa lilitakiwa kumfikia muuguzi. Jina la mtu aliyekosea bila nia mbaya, mbele ya kijiji kilichojaa hofu, hilo halikumfaa mtu yeyote. Nikiingia pale nikasema mwageni maji ya Nabintu, kabla ya jioni ningekuwa nimemuua kwa njia ya pili.

Nikafika uani kwa katekista. Wanawake wanaimba, ndizi zimeshakamuliwa, muvure, ile hori kubwa ya mti, umejaa mutobe mpaka ukingoni, na bidoni sita tupu zimepangwa kando. Watoto wamekaa wanaungoja kwa macho. Hakuna aliyekuwa ameonja. Nikasalimia kwa sauti kubwa, nikanyoosha mikono kumkumbatia katekista aliyekuwa upande wa pili, nikajikwaa.

Nilijikwaa vizuri sana. Ilikuwa operesheni yangu ya mwisho na naiona kuwa bora kuliko zote. Nilianguka ndani ya mutobe na tumbo, muvure ukapinduka, nikabiringika nao mpaka kwenye migomba. Watoto walilia. Katekista alisahau ukatekista wake kwa sentensi mbili. Mama mmoja mzee alisimama juu yangu, mikono kiunoni, akauliza umati: "Huyu jitu alitoka wapi?" Nikasema nitasaidia kukamua tena, kwa maji ya source, ile chemchemi yenye bomba, nitakayobeba mwenyewe, na nilibeba, safari tisa, nyuki wa kilima kizima wakinifuata kwa utamu wa suruali ile. Mchana, nilipokwisha kumnong'oneza, yule muuguzi aliyetumwa na Maman Odile alitangaza mbele ya chapelle kwamba maji ya kijito yanaumiza na asiyatumie mtu. Maji ndiyo yaliyoshtakiwa. Jumapili watoto walikunywa, na hakuna aliyeumwa. Nilipoona yule wa mwisho amepangusa mdomo, nilicheza, pale kwenye jiwe la uwanja wa chapelle, mbele ya katekista ambaye tayari aliniona mwendawazimu.

Nimeandika jina la Nabintu hapa kwa sababu ameniruhusu. Hadithi hii anaisimulia yeye mwenyewe siku hizi, kwa kicheko, akiwafundisha wengine, maana baada ya miaka michache aliingia kazi ya relais, wale wa kijiji wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya afya. Mimi nilimfundisha kuomba moto wa sigara. Yeye akaniambia mwanamke haombi sigara kijijini, huomba kaa la kupikia, akapata habari mara mbili ya zangu. Mjifunze kwa wanafunzi wenu.

Kazi imebadilika tangu wakati ule. Orodha zinajazwa kwenye simu, ramani inajichora yenyewe, na wenzangu vijana walikuwa wanahesabu wagonjwa kabla mimi sijavaa miwani. Nilifurahia yote hayo, ingawa simu haijui kutazama majivu. Lakini ile phonie haikuondolewa, kwa sababu mtandao hupotea siku ile ile unapouhitaji.

Siku yangu ya mwisho ofisini, walikuwa wameleta soda na keki. Maman Odile, aliyestaafu kabla yangu, alikuja akiwa amevaa kitambaa kipya. Ilipofika saa nne phonie ikalia pembeni, na nikasogea kwa mazoea. Kila mtu chumbani akanyamaza kwa namna ambayo mtu wa deuxième bureau angeitambua mara moja kuwa njama. Sikuitambua. Nilikuwa nimeshakuwa raia.

"Zone, zone, zone," ikasema sauti ya Nabintu. "Niko natafuta mutu moja. Vituo vyote bisikilize. Anaitwa Murhula Déogratias. Nyumba yake iko Kadutu, murango ya kijani. Bibi yake ni Maman Aline. Anajua kuanguka mu mutobe. Kama iko hapo, aseme jina yake. À vous."

Nilichukua kipaza sauti. Kutoka kilima hadi kilima walikuwa wananisikiliza, na kidole hakikutetemeka.

"Murhula Déogratias," nikasema. "Ni mimi. Niko hapa. À vous."